Rangi ya Asubuhi Ile

Kwako Kaka,

Pokea salamu zangu, za mama, na za yule paka wako mzee ambaye bado anajiona ndiye mwenye nyumba. Kikohozi kimepungua? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunajikongoja, ila mama siku hizi anakula kidogo, na kuongea kwake kumepungua hata zaidi. Huu ni mwezi wa nne tangu baba azame, na mwezi wa nne hujakanyaga hapa.

Kazini mambo ni yale yale. Kila asubuhi tunatazama picha za bahari zilizopigwa kutoka angani, tunapima kama mawingu fulani yatageuka kimbunga ndani ya siku saba, kisha tunachora duara kwenye ramani: la njano uwezekano ukiwa mdogo, la chungwa ukiwa wa wastani, jekundu ukiwa mkubwa. Baba, unavyomjua, hakuwa na subira na asilimia zangu. Kabla ya kupanda meli alikuwa ananipigia simu, anauliza leo rangi gani, basi. Alisema mpishi wa meli anataka kujua tu kama sufuria zitakaa jikoni au zitamfuata kitandani.

Unakumbuka mwanzoni mwa mwaka nilimwambia nyekundu. Akabaki, meli ikaenda na kurudi kwenye maji matulivu, na nafasi yake akapewa mtu mwingine. Mlinicheka mpaka basi. Baba akanibandika jina la Mama Mawingu, na wewe ukahangaika wiki nzima kumbembeleza nahodha mwingine amchukue. Alipokubali, ukampigia baba afunge mizigo, ukamtania kwamba safari hii asimsikilize Mama Mawingu. Mama ameniambia kuwa maneno hayo ndiyo yanayokuzuia kuja, kwamba unasema wewe ndiye uliyempeleka baba kwenye kifo chake.

Kaka, baba hakukusikiliza. Alinipigia asubuhi ile ile, kama kawaida yake.

Jambo hili limenishinda kulibeba. Asubuhi ile nilikuwa nimeandika asilimia hamsini kwa penseli, na hamsini ni chungwa. Mkuu wa zamu aliponiuliza kama nina hakika, nikakumbuka kicheko chenu, nikaona aibu, nikafuta na kuandika thelathini. Simu ya baba ikaita karatasi ikiwa bado mkononi. Nikamwambia njano. Akafurahi, akasema leo Mama Mawingu ameamka vizuri. Siku ya tatu duara likawa jekundu, na meli yao ilikuwa mbali na bandari yoyote.

Wenzangu wananifariji kwamba yeyote angeweza kukosea. Mimi sikukosea. Niliona hamsini nikasema thelathini, kwa kuogopa kuchekwa. Karatasi yenyewe nimeiweka humu kwenye bahasha. Ukiiinamisha kwenye mwanga, hamsini bado inasomeka.

Barua hii nimemsomea mama yote kabla ya kuifunga. Hakusema kama amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Aliinuka akaenda chumbani kwako, nikamsikia akitandika kitanda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema nikuandikie kwamba siku utakayosafiri kuja, umpigie kwanza mdogo wako umuulize rangi.

Nipigie, Kaka. Nitakuambia ninachokiona.

Wasalimie wifi na watoto, uwaambie bibi yao anawangoja.

Mdogo wako,
Mama Mawingu