Kisima cha Mama, Dawa ya Bakari

Jumatatu, 1 Machi 1999
Nimefungua duka letu la udobi, nimefunga duka. Majoho mawili ya wazee wa mtaa wa Badjanani bado yananing'inia. Yanataka kusafishwa kwa dawa, maana nyuzi zile za dhahabu haziguswi na maji, na mashine anaijua mume wangu Bakari peke yake. Bakari yuko kwao Mutsamudu, kwa mke mdogo, Zainaba. Alikwenda zamu ya wiki moja. Kisiwa chao cha Ndzuani kimejitenga na serikali, vyombo vinakwenda vikitaka, na sasa ni mwezi wa pili. Zamu gani hiyo? Zainaba anampikia mume wangu katika siku zangu.

Naandika Kiswahili cha Unguja, nilikozaliwa. Wa kukisoma humu ndani hayupo. Afadhali.

Alhamisi, 4 Machi
Maji ya kisima yananuka. Harufu tamu, inapanda kichwani. Jirani yangu Mama Echata anasema panya kafia ndani. Nyumba nne zinachota hapa. Mama aliniachia nyumba hii, kama mama zetu wanavyowaachia mabinti, na kisima chake, na sharti moja: jirani asinyimwe maji.

Si panya. Harufu ile naijua. Ni ya mashati ya Bakari akirudi kutoka mashineni. Nilikuwa naipenda.

Jumapili, 7 Machi
Nimekwenda nyuma ya duka, kwenye shimo la Bakari. Nimeinama nikanusa. Ndiyo, harufu ileile.

Kwao Mutsamudu mto unapita mjini, kila uchafu unateremka baharini. Huku kisiwani kwetu Ngazidja hatuna mto. Akachimba shimo, akawa anamwaga dawa iliyochoka, miaka yote hii, na jiwe letu la volkano likanywa. Aliona ajabu. Alisema ardhi ya Ngazidja haina kinyongo, inameza kila kitu. Hakujiuliza inapeleka wapi.

Jumanne, 9 Machi
Simu imepita. Nimemweleza Bakari. Akasema: "Usimwambie mtu mpaka nije."

"Unakuja lini?"

Nyuma yake mwanamke akauliza kama apakue sasa au angoje. Sauti ya mtu aliyeshiba raha. Bakari akamwambia apakue. Nimekata.

Namchukia yule mwanamke. Sijawahi kumwona, namchukia tu.

Ijumaa, 12 Machi
Baada ya sala maneno yamegeuka. Si panya tena. Eti kuna Mndzuani, mtu wa kisiwa cha kina Bakari, katia sumu kisimani. Siku hizi chumvi ikizidi mchuzini, ni Mndzuani.

Basi hesabu yangu ndiyo hii. Nikisema, Bakari hakanyagi tena hapa Moroni. Zainaba atampata mzima, bila zamu. Nikinyamaza, mume ninaye, na majirani wanakunywa. Nimewaambia wasichote, kisima kichafu. Wanachota na kuchemsha. Mtu usipompa sababu hakusikii.

Nimenunua maji ya kwangu. Nimeyaficha chumbani.

Jumamosi, 13 Machi
Mama Echata kaja na vidonge vyake vya kichwa. Kachota, kameza palepale uani mbele yangu, kisha kaniombea Mungu amrudishe Bakari salama. Nikaitikia amina. Kikombe kilikuwa bado mkononi mwake.

Nikasema yote. Shimo, dawa, na ya nani. Hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini, akatoka. Alasiri uani kulikuwa kumejaa watu, na jina la Bakari limetajwa kwa namna ambayo sitaiandika.

Nimelia. Si kwa ajili ya maji, nisijidanganye. Nimelia kwa sababu leo Zainaba ameshinda, na mimi ndiye niliyemshindia.

Jumatano, 5 Mei
Kwa jumla tumetulia. Wandzuani wengi wamefukuzwa mjini, wamepakiwa bandarini. Bakari hatakuja. Sijui nimshukuru Mungu kwamba hakuwapo.

Fundi wa maji anakuja kila asubuhi. Wametoa udongo wa shimo, wameupakia kwenye mapipa yenye vifuniko. Pampu inapandisha maji darini, yanashuka taratibu juu ya kokoto, hewa inaichukua dawa. Kisha yanapita kwenye mkaa wa vifuu vya nazi. Dawa ni nzito, anasema, imezama chini kabisa. Kuitoa huenda kukachukua mwaka, huenda zaidi. Majirani wanapokezana kuwasha pampu. Mama Echata ananisalimia, ila haketi.

Jana msafiri mmoja kaniambia Bakari amefungua duka huko, chini ya nyumba ya Zainaba. Mashine mpya. Nimekaa na habari hiyo siku nzima. Kuna saa niliifurahia.

Leo nimepiga simu. Kapokea Zainaba mwenyewe. Kaniita dada mkubwa, sauti nzuri, nimeionea wivu hata hiyo. Nikamwuliza maji ya kunywa anachota wapi. Akasema kuna kisima uani. Nikamwambia asimwachie Bakari achimbe shimo, wala asimwage mtoni, na nikamweleza harufu yenyewe ilivyo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama nataka kuzungumza na Bakari.

Nikasema hapana, mwache ale.