Kichupa Kisicho na Rangi

Ujerumani, 6 Machi 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Goti la mama limepoa?

Uliuliza nasomea nini hasa. Nina rangi nyekundu inayong'aa, nimeiyeyusha kwenye spiriti ndani ya kichupa cha kioo. Naipiga kwa mmweko wa leza, mkali, na mfupi mara mabilioni kuliko kupepesa jicho. Mwanga ukiwa hafifu, rangi inaunywa karibu wote. Ukizidi nguvu, rangi inashiba na mwanga unapita. Hilo linajulikana. Lakini nilipoongeza zaidi, rangi ilianza kunywa tena! Hakuna aliyewahi kuliona hilo kwenye rangi hii. Profesa anataka tuandike makala ya jarida la sayansi. Ikikubaliwa, naongezewa miaka miwili nimalize shahada ya udaktari. Isipokubaliwa, Septemba nafunga mizigo bila shahada.

Mwanao,
Kahigwa

Mwanza, 2 Aprili 1995

Mwanangu Kahigwa,

Marahaba. Goti la mama yako linapanda tena ngazi za kanisani, tumshukuru Mungu. Mimi afya ninayo, kazi ndiyo sina: kiwanda chetu cha nguo kinatafutiwa mnunuzi, na sisi wa idara ya rangi tumepunguzwa wote. Asubuhi navaa, nazunguka mtaa mzima wa Mirongo, narudi. Barua yako nimemsomea kila mtu, hata Chenge fundi viatu ambaye hakuuliza.

Swali moja tu la mzee wako. Kiwandani rangi ikituletea vituko, kabla ya kuilaumu au kuisifu tulichemsha kitambaa kwenye maji matupu. Mara nyingi mchawi alikuwa maji. Wewe umeshapiga leza kwenye spiriti tupu, kwa nguvu ile ile?

Baba yako,
Mutalemwa

Mwanza, 19 Juni 1995

Mwanangu,

Hujambo? Sisi miili haijambo, roho ndizo zinakwenda mbio. Posta naenda kila siku. Karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Kama swali langu limekukera, lifute. Mtu wa mapipa ya rangi amfundishe nini mtu wa leza? Huku wenye shahada wanauza mitumba. Kaa huko, umalize. Ila andika, hata mstari mmoja. Mama yako anadhani unaumwa, na lawama zote ananipa mimi.

Baba yako

Ujerumani, 14 Julai 1995

Baba,

Shikamoo. Siumwi, mwambie mama akuache.

Spiriti tupu niliipima siku ile ile barua yako ilipofika. Sikutaka, lakini ningetulia vipi? Matokeo yalikuwa yale yale, ingawa humo hamkuwa na rangi. Kumbe rangi haikuwa imeanza kunywa tena. Mwanga ulikuwa unapotelea kwenye spiriti yenyewe. Nikaosha kichupa, nikanyamaza. Mei niliiacha makala iende, jina langu likiwa la kwanza, nikijua. Sasa imekubaliwa, na mkataba mpya unasubiri sahihi yangu.

Miezi hii nimekuchukia, baba. Unisamehe, nasema kweli. Nilitamani ungekuwa baba asiyejua lolote kuhusu rangi. Kisha ukaniandikia nilifute swali lako, wewe ambaye tangu tukiwa wadogo hukuwahi kurudisha swali nyuma. Niliona haya mpaka nikalia.

Nimeandika barua ya kuomba makala iondolewe. Nimetembea nayo mfukoni siku tatu. Nikifika mlangoni kwa profesa, nageuka narudi maabara. Kwa hiyo hii yako naiposti kwanza. Ikishaondoka, wewe utakuwa unajua, nami sitaweza kunyamaza tena.

Mwanao,
Kahigwa