Mbona Unamsindikiza

We mwenzangu, upo? Leo nimeaibika, sijui uso niuweke wapi.

Si unamjua yule bibi anayetufundisha ngoma ya Kihindi, anayetugongea mdundo kwa kijiti? Leo hakutaka miguu, alitaka nyuso tu. Mmoja mmoja tuigize tunamfungulia mlango mtu tunayempenda.

Wenzangu nyuso zikawakunjuka. Zamu yangu ikafika. Nikafungua mlango, nikatabasamu, nikanyoosha mikono vile alivyotufundisha.

Kijiti kikanyamaza.

Akasema, "Binti, nimekwambia umpokee mtu. Mbona unamsindikiza?"

Mbona unamsindikiza! Mbele ya darasa zima! Wakacheka. Nikasema samahani mwalimu, nikarudia. Akatikisa kichwa. "Bado anaondoka."

Na kweli, nilikuwa nakuona wewe na begi lako, siku ile ulipohama. Tangu hapo hakuna aliyegonga mlango wangu ila fundi bomba, naye alikosea chumba.

Kanipa mpaka Jumamosi. Nikishindwa, ananitoa kwenye onyesho.

Njoo Ijumaa basi. Usiniambie saa. Wewe bisha hodi tu, nikuone unavyoingia.