Nimesema Simjui

Tabitha uko wapi? Soma hii kwanza, usinipigie, nitalia.

Wakaguzi wamekuja dukani. Si unajua ufuta wote sasa lazima uende ghala la chama cha ushirika, na mwenye duka akipokea hata bakuli moja ni kangomba, biashara ya magendo, anafungiwa duka? Nikawaambia mimi sipokei. Nimeapa kabisa!

Hapohapo mama mkwe akaingia na bakuli lake la ufuta, kama kila Ijumaa, abadilishe na sabuni na sukari. Akaliweka mezani mbele yao!!

"Huyu bibi anakuuzia ufuta?"

Nikasema simjui. Tabitha, nimesema SIMJUI. Mama mzazi wa Rahimu wangu!

Akanitazama. Akawatazama wale. Akachukua bakuli lake taratibu.

"Nisamehe mwanangu," akasema, "nimekosea duka."

Wale wakacheka, eti wazee wa Matambarale wanapotea hata mchana. Wakaondoka zao. Duka halijafungwa.

Duka lenyewe mabati yote alininunulia mama mkwe huyohuyo, kwa korosho zake.

Nimeshamfungia sabuni na sukari. Nyumba yake naiona kutoka hapa nilipokaa, na miguu haitaki kuvuka barabara.