Darubini, Nukta na Nguruwe za Wamaza

Jumatatu, 6 Mei

Nimeamka, nimeswali, nimezunguka shamba letu, hapa Wamaza. Kama kila siku. Nguruwe zimeingia tena, upande wa pori, penye muhogo. Nimefunga fundo la nyasi pale zilipopita. Baba alifanya hivyo, na babu pia. Fundo moja kila mahali nguruwe inapotoboa, ili mwindaji asidanganywe na kichwa chake. Mupunga umeanza kuinama. Zaina, bibi yangu wa ndoa, ameutazama, amerudi jikoni. Anajua kununa, mwanamuke huyu.

Jumanne, 7 Mei

Nimekosa. Dume la nguruwe, nene kama pipa, limesimama peupe jioni, na nimekosa.

Si mara ya kwanza. Ni macho. Nguruwe naiona vizuri. Ile ncha ya chuma ya kulengea, mbele ya karabini, bunduki yangu, ndiyo imegeuka ukungu. Nikivaa miwani ya kusomea, ncha iko, nguruwe haiko. Kivuli tu. Shetani gani huyu!

Risasi imegonga muti nyuma ya nyumba ya Mama Furaha, jirani yetu. Hakuna aliyeumia. Amekuja mbio, kisu mukononi, tayari kuchuna. Akakuta hakuna nyama. Amecheka hadi amekaa chini. Mimi ni Muislamu, nguruwe sili. Nazipiga, yeye na watu wa kanisa lake wanakula, na kwa kila nguruwe wananiletea kuku. Ndiyo mapatano yetu tangu zamani. Mwezi mzima sasa sijaona hata unyoya.

Jumatano, 8 Mei

Shefu wa kijiji ameniita. Habari ya muti imemfikia. Amesema kwa heshima, lakini amesema: "Muzee, karabini iko na kibali kwa jina lako. Ukikosa tena namna hii, utairudisha serikalini. Mutu akifa, kibali hakitamufufua."

 Karabini ni ya baba. Nikiirudisha, nguruwe zitamaliza mupunga kabla ya mavuno, na mimi nitakuwa muzee wa kukaa barazani kutazama mbuzi za watu. Sitaki. Sitaki kabisa.

Ijumaa, 10 Mei

Kasongo, mjini. Nimekuja kwa pikipiki, mugongo umekwisha. Baada ya swala ya Ijumaa nimekwenda kwa Fundi Amuri, anayetengeneza saa, redio na bunduki. Amenisikiliza hadi mwisho. Amesema ugonjwa huu anaujua, unaitwa miaka. Dawa ni kioo juu ya bunduki, ili alama na nguruwe vionekane pamoja bila jicho kuhangaika.

Anavyo viwili. Cha kwanza ni darubini, ndefu, nyeusi. Ukizungusha pete yake, inavuta kitu cha mbali hadi mulangoni kwako. Hata ukiipunguza mwisho wa kupunguza, bado inavuta. Cha pili ni kisanduku kidogo chenye kioo, na ndani yake nukta nyekundu. Hakivuti kitu. Unaangalia kwa macho mawili, unaweka nukta, basi. Tena kinakula pile, yaani betri. Nimekidharau palepale.

Darubini nimeielekeza kwenye munara wa musikiti. Nimeona njiwa akifumba jicho. Wallahi, nimelainika.

Amuri ameniuliza swali moja tu: "Ndugu yangu, nguruwe zako zinakufia wapi?" Nimesema mbali, ng'ambo ya bonde. Amenitazama kidogo. Kisha amefunga darubini juu ya karabini, tukapanga shabaha nje ya mji. Niijaribu hadi mavuno, amesema. Ikinishinda, niirudishe.

Jumapili, 12 Mei

Nimeweka kibuyu ng'ambo ya bonde. Risasi moja. Kibuyu hakipo.

Nimejiona kijana. Nimemueleza Zaina mara tatu. Mara ya tatu ameniuliza kama kibuyu kile kilikuwa kinakula mupunga. Tena kilikuwa kibuyu chake.

Jumanne, 14 Mei

Zaina ameilaza karabini juu ya kichanja cha jikoni, kwenye moshi, kama mama yangu alivyomufundisha. Moshi unazuia kutu. Kwa chuma, ndiyo. Kwa kioo, balaa. Asubuhi nimechungulia darubini: uji mutupu. Nimepiga kelele. Naye amepiga kelele. Zake zimeshinda.

Nimefuta kioo kwa kitambaa laini hadi jua likawa kali. Tumekula bugali bila kuangaliana.

Alhamisi, 16 Mei

Jioni nguruwe imetoka porini, karibu, umbali wa kutupa jiwe na mukono wa kushoto. Nimeinua karabini. Nimeona manyoya. Manyoya tu! Kichwa ama matako, Mungu ndiye anajua. Sikupiga. Imekula, imeshiba, imeondoka taratibu kama mwenye shamba.

Mafundo mapya, tena upande wa pori. Najua maana yake. Sitaki kuiandika.

Jumamosi, 18 Mei

 Naandika ili nitulie.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Kitu kimetikisa muhogo. Nikainua karabini. Ndani ya darubini, weusi. Mviringo. Unainama, unainuka. Nikasema moyoni, mugongo wa nguruwe, leo ndiyo leo. Kidole kilikuwa tayari kimegusa chuma. Kisha pembeni mwa ule weusi nikaona ua la njano.

Ua. Nguruwe haivai kitenge.

Nimeondoa jicho kwenye kioo. Alikuwa Mama Furaha, anachuma sombe, majani ya muhogo, ya mutoto wake mugonjwa, ndiyo mboga anayoitamani, kikapu pembeni, amejifunga kitenge cheusi cha maua. Kwa macho yangu haya mabovu nilimuona muzima, toka kichwa hadi kisigino. Kwa darubini nilikuwa nimeona kipande cha kitambaa. Na sheria naijua tangu utoto: usipoona mnyama muzima, usiguse. Baba alinipiga kofi kwa sababu ya hilo.

Nimetoa risasi ndani ya bunduki. Nimekaa chini, nimelia. Kisha nimemuendea, nimemuambia yote. Ameweka kikapu chini.  Halafu amesema: "Baba Sefu, kumbe nguruwe zote nilizokula zilikutuma uje kulipiza kisasi chao!" Tumecheka wote wawili. Midomo ilikuwa mikavu.

Nimemuomba msamaha kwa mikono miwili. Amesema amesamehe, lakini kuku sahau.

Jumapili, 19 Mei

Nimezunguka mafundo yote. Upande wa pori yamejaa kama shanga. Upande wa bonde liko moja, nalo limeoza.

Ng'ambo ya bonde nimeua nguruwe moja tu maisha yangu yote. Na ndiyo hiyo ninayoisimulia kila siku. Nyingine zote zimekufa hapa hapa, karibu na muhogo, bila hadithi. Nilichagua kioo kwa ajili ya hadithi. Mujinga mimi.

Nimemuambia Zaina. Nilingoja anicheke. Amenifungia muhogo wa kuchemsha wa njiani, amesema nimusalimie Amuri.

Jumatano, 22 Mei

Amuri hakucheka. Ningefurahi kama angecheka. Amefungua darubini, amefunga kile kisanduku, tumepanga nukta kwa umbali wa karibu. Chini ya kioo ile ncha ya zamani bado inaonekana, kwa siku pile itakapokufa. Amenipa pile ya akiba. Nimemuuliza: na zile za ng'ambo ya bonde? Amesema: "Za mbali, piga debe."

Muzee muzima, napewa debe. Haya.

Ijumaa, 24 Mei

Nimefanya mazoezi, karabini tupu. Macho mawili wazi. Ni kitu cha ajabu. Naona nukta, naona shamba, naona Zaina anatoka jikoni na sufuria. Sikumuelekezea, jamani, nimemuona tu pembeni. Na hilo ndilo nililokuwa nalikosa.

Asubuhi nguruwe zimetokea ng'ambo ya bonde. Zaina amepiga debe kwa mwiko. Zimekimbia hadi nimezionea huruma. Mwaka mzima wa hasira ulikuwa ndani ya debe lile.

Jumatatu, 27 Mei

Jioni, lile dume. Lilelile, pipa.

Limetoka porini, limesimama kando ya muhogo. Nimeona dume zima. Nimeona muhogo, na nyuma yake kichuguu kikubwa cha udongo, ukuta wa kuzuia risasi. Hakuna mutu. Nimeangalia tena, hakuna mutu. Nukta begani. Nimetaja jina la Mungu, si kwa nyama, ni kwa mukono wangu. Risasi moja. Limeanguka hapo hapo.

Shefu amekuja mwenyewe. Amesimama niliposimama, ametazama dume, ametazama kichuguu. "Muzee, hapo sawa," amesema. Karabini inabaki. Nimeitika kwa utulivu, kama mutu asiyejali. Ndani nilikuwa nacheza ngoma.

Watu wa kanisa wamebeba nyama huku wanaimba. Kuku amefika kabla ya giza. Mama Furaha amemuleta mwenyewe, na ni jogoo.

Jumamosi, 8 Juni

Mavuno yamekwisha. Nguruwe zimepata fungu lao, sisi tumepata letu. Mupunga uko juani, Zaina anaugeuza kwa muguu na kufukuza kuku. Ananiambia habari za mukwe wetu, tena bila kununa.

Karabini iko ukutani, mbali na moshi, ndani ya mufuko alioushona kwa kipande cha kitenge. Pile nimeitoa.

Mama Furaha anachuma sombe. Tangu siku ile, kila akiingia kwenye muhogo anaimba, ili nijue aliko. Nyimbo zote za kanisa, toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sauti mbaya sana. Chai yangu imepoa. Akinyamaza, naweka kikombe chini, nangoja hadi aanze tena.