Nyanya Zilizogeuka Nyeupe

Nyumba ya nyuma ya kinu,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Kabla hata sijakusalimu, nina jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine: nyanya za Baba zinakufa, nami najua kinachoziua.

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi hatujambo, ila Bibi anakohoa kidogo. Mimi tangu nimalize shule nashinda shambani na Baba.

Majani machanga yamekuwa meupe kama karatasi. Baba anasema ni njaa ya mbolea. Kila asubuhi anazimwagilia na kuzibembeleza, hadi Bibi akamtania kwamba laiti angembembeleza Mama hivyo, nisingezaliwa peke yangu. Tulicheka wote. Hatujacheka tena.

Nilijikaza nikampelekea mwalimu wangu wa biolojia majani machache, ingawa unajua mbele ya wakubwa sauti hunikauka. Aliuliza kama tuligusa dawa ya magugu. Hapo nikakumbuka bomba la kupulizia tuliloazima kwa jirani mwenye mahindi, ambalo yeye hulipulizia dawa ya magugu, nasi tukalitia dawa ya wadudu. Alinieleza kwamba dawa ile ya magugu huzuia kimeng'enya kimoja ndani ya mmea. Kikizuiwa, mmea hautengenezi tena rangi za manjano zinazoikinga ile ya kijani, basi jua linaiunguza. Mahindi yana vimeng'enya vya kuivunja sumu hiyo. Nyanya hazina nguvu hiyo.

"Hizi hazirudi, binti," alisema. "Msipoteze maji."

Mwenye shamba ameshasema tusipovuna msimu huu atalikodisha kwa mtu mwingine. Baba amemwomba asubiri, eti zitazaa tu. Sijui tutalima wapi.

Ningemwambia Baba, lakini aliyelisuuza lile bomba ni Bibi. Maji yalikuwa haba siku hiyo, akatumia kikombe kimoja. Jana Baba alipokaa kichwa chini, Bibi alimshika bega.

"Angalau bomba nililisafisha kwa mkono wangu," alimwambia. "Hapo hatukukosea."

Baba akamshukuru. Mimi nikachukua ndoo nikaenda kumwagilia.

Wasalimie binamu zangu, hasa yule mdogo anayekula nyanya mbichi kama tunda. Mungu akulinde huko uliko.

Ukimwandikia Baba, muulize habari za shamba kama mtu asiyejua lolote. Na Bibi asijue kamwe, Shangazi. Nakuomba sana.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye,
Kimya