Paka Niliyemfanya Aitwe Mkali

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba pia unisome hadi mwisho kabla hujanitukana, maana najua utanitukana.

Mimi ni mzee wa kushona mapazia. Nafanyia kazi nyumbani, chumba cha mbele, cherehani iko dirishani. Mke wangu alipofariki nilikaa mle ndani kama gunia, hata redio siwashi, ndipo binti yangu, ambaye siku zake za mapumziko hujitolea kwenye kituo cha kuokoa wanyama, akaniletea paka na kuniambia, "Baba, huyu si wako. Unamlea tu mpaka apate watu wa kudumu. Kazi yako ni kumzoesha watu, usije ukamzoesha kwako peke yako. Wageni waje, kila mmoja amlishe kwa mkono wake." Nikamjibu, sawa mama, nimeelewa.

Mshauri, paka yule alikuwa amemwagiwa maji ya moto. Mgongoni ana sehemu haioti manyoya mpaka leo, na ukimgusa pale, hata kwa bahati mbaya, anageuka chui. Mwanzoni alijificha nyuma ya majora ya vitambaa, anatoka kula nikiwa nimelala, halafu asubuhi moja nikiwa nakunja pindo la pazia akaja mwenyewe akajilaza juu ya kitambaa, nikashindwa hata kukanyaga cherehani kwa kuogopa kumwamsha, nikakaa hivyo hivyo machozi yananitoka, mtu mzima mimi, na tangu siku hiyo nikamwita Pindo, na tangu siku hiyo sikumfungulia mgeni mlango. Jirani akibisha hodi, namwambia nina kazi ya haraka. Binti akiuliza kama watu wanakuja, nasema wanakuja, hata jana walikuja.

Kisha kituo kikaanza kuleta wanaotafuta paka. Wa kwanza, mtu na mkewe, Pindo hakutokeza hata pua, wakaondoka zao. Wa pili alikuwa mwalimu wa shule, mwanamke mpole anayeishi peke yake, akaketi sakafuni na sketi yake safi, akasubiri bila papara mpaka Pindo akatoka akamnusa vidole, na hapo mshauri roho iliniuma, nisikufiche, ulikuwa wivu mtupu. Akaniuliza, "Mzee, anapenda kushikwa wapi?" Nami nikamjibu, "Popote tu, mwalimu, hana shida." Akamwekea kiganja mgongoni. Damu ilimchirizika mpaka kwenye kiwiko. Nikasema pole, pole sana, nikaleta maji na kitambaa, na moyoni nikafurahi kwamba huyu hatarudi.

Sasa maji yamenifika shingoni. Macho yangu yanakufa. Daktari amesema mishipa imeshaharibika na hakuna dawa ya kuirudisha, hata uzi siku hizi natunga kwa kupapasa. Binti ananihamishia kwake mwisho wa mwezi, na mjukuu wangu ana pumu, akikaribia paka tu anakimbizwa hospitali, kwa hiyo Pindo haendi. Nikasema basi arudi kituoni. Binti akainamisha kichwa. "Baba, kituo kimejaa, na baada ya yale ya mwalimu wamemwandika kuwa mkali. Paka mkali hatafutiwi watu tena. Wanamchoma sindano ya kumuua." Akalia, akasema amemtetea mpaka amechoka, kisha akanishika bega akaniambia, "Angalau wewe ulifanya kila ulichoweza." Mshauri, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Niseme ukweli? Binti ndiye aliyenidhamini pale kituoni, nikisema ataaibika mbele ya wenzake na hatanisamehe, na yeye ndiye atakayenishika mkono nikiwa kipofu. Au nimpeleke Pindo sokoni nimwachie huko, ajitafutie mwenyewe? Au nikatae kuhama, nibaki naye humu humu gizani? Nijibu upesi, tafadhali.

Fundi Mapazia

*

Mzee wangu, shikamoo. Nimeitanguliza heshima kwa sababu huko mbele itapungua.

Pole kwa kumpoteza mwenzako, na pole kwa macho. Fundi kupapasa uzi ni jambo la kuumiza, nami limeniumiza kulisoma.

Sasa tuelewane. Huyo paka hana ukali wowote. Aliguswa kwenye kidonda. Aliyeuelekeza mkono wa mwalimu kwenye kidonda hicho ni wewe, ukajitia hamnazo, kisha ukamletea maji ya kunawa! Unasema ulimpenda. Nakubali, ulimpenda. Lakini ulihakikisha hana mtu mwingine duniani, na leo mtu wake huyo mmoja anafunga virago.

Habari ya soko ifute kabisa kichwani. Mnyama aliyemwagiwa maji ya moto unampeleka penye masufuria ya wauza chakula? Hajui mbwa, hajui pikipiki, amejua chumba chako tu. Huko ni kumuua bila kutazama. Na hiyo ya kubaki naye gizani, hebu niambie, siku ukianguka humo ndani nani atamfungulia? Atakufa njaa pembeni yako. Acha hizo.

Leo hii mwite binti yako. Usianze na marehemu, usianze na macho, wala usimwambie jinsi ulivyokuwa mpweke, kwa sababu atakuhurumia na wewe utaishia hapo hapo. Anza na uongo wenyewe: mwalimu aliniuliza, nikamdanganya. Atakasirika. Mwache akasirike, tena akibamiza mlango usimfuate. Mtoto aliyehangaika kukutafutia cha kukuliwaza hatakutupa, ila usitegemee akuchekee wiki hii. Akitulia, mwende wote wawili kituoni, ukamweleze mkubwa wao hivyo hivyo, kwa mdomo wako, ili waache kumwita mkali. Aibu itakuuma, lakini utaamka kesho yake. Yeye akichomwa ile sindano haamki.

Kutoka hapo nenda kwa mwalimu. Muombe radhi, halafu mpe yote unayoyajua: asimguse wapi, anajificha wapi akishtuka, sauti gani inamtisha. Huenda akakufungia mlango, na atakuwa na haki. Ikiwa hivyo, kiombe kituo kitafute mwingine, na ujue kabisa kwamba muda unaweza usitoshe na Pindo akafa kwa sababu ya jibu lako. Siwezi kukuambia yataisha vizuri, kwa sababu sijui.

Mwalimu akikubali, aje kila siku, na chakula atoe yeye. Wewe kaa jikoni, mlango umefungwa. Pindo atakuja kuukwaruza mlango huo akikutafuta. Usifungue. Usimwite, wala usikohoe. Ukimwonea huruma mara moja tu, kazi yote ya mwalimu imeharibika. Aukwaruze mpaka achoke, mpaka njaa imrudishe kwenye mkono wa yule mama. Najua itakukata maini. Kaa tu.

Na siku ya kuchukuliwa, usiwepo nyumbani. Nenda kwa kinyozi, nenda kwa jirani uliyekuwa ukimfungia mlango, lakini usiwepo. Binti yako ndiye atakayemtia kwenye kikapu na kumkabidhi. Utakaporudi utatamani kumwuliza kama Pindo alilia. Usimwulize.